Sura ya Kumi na Moja ya Wadad Khater

Baba Padri, wazee wa ukoo, majirani, na nyote mliopanda mlima huu katika baridi ya leo, familia imemtuma Mirna, mke wa Ramiz, mkwe wa marehemu, awasomee maisha ya Wadad Nassif Khater, na sauti yake ikiwa ndogo mumvumilie, maana hajazoea kusimama mbele ya watu, lakini kila kilichoandikwa hapa kitasomwa.

Marehemu alizaliwa Ijumaa tarehe 14 Machi 1947, hapa Zahle, mtoto wa pili wa mzee Nassif, mkulima wa zabibu, na mama Hanneh, akimfuata kaka yake Tannus, ambaye tunaye safu ya mbele, na akifuatwa na dada wawili ambao wameshatutangulia.

Alisoma kwa masista kuanzia mwaka 1953 hadi 1964, ambako aliadhibiwa mara mbili kwa kuandika insha ndefu kuliko alivyoagizwa, na mara ya tatu sista akaacha kuadhibu, akaketi akasoma mpaka mwisho.

Mwaka 1966 aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji Beirut, kusahihisha vitabu vya watu wengine, kazi aliyoifanya miaka saba, na alizoea kusema kuwa humo ndimo alimojifunza kuandika, kwa kuona jinsi watu wenye majina makubwa wanavyojaza kurasa wakati hawana la kusema.

Jumapili tarehe 2 Septemba 1973 alifunga ndoa na Shukri Mokarzel, mwoka mikate, katika kanisa hili hili, wakajaliwa Salwa mwaka 1974, Ghattas mwaka 1978 na Ramiz mwaka 1986, na kwa kuwa mwoka mikate huamka kabla ya jogoo, marehemu aliamka naye, akaandika kwenye meza ya jikoni mpaka watoto walipolia njaa, akafanya hivyo miaka yote ya vita, na hivyo ndivyo zilivyopatikana riwaya sita.

Wengi wenu kinamama mnaijua kazi yake kwa mikono yenu, maana kila Alhamisi mlikuja kwake kufunga wali na nyama katika majani ya mzabibu, naye akawasomea alichoandika wiki ile, hakuuliza kama ni kizuri, aliangalia vidole tu, vikiendelea kufunga, ukurasa ule aliuchana, vikisimama, ukurasa ulibaki, na Mirna alipowasomea kwa niaba yake sura ya kumi na moja ya kitabu chake cha saba, mikono yote ilisimama, hata nyumba tisa mtaani zilikula mkate na jibini mchana ule.

Sura hiyo inasimulia habari za kaka aliyewafanya dada zake watie saini katika karatasi ya kumwachia shamba la mizabibu, siku ya tatu ya msiba wa baba yao, akiwaambia ni karatasi ya padri.

Wakati huo kisukari kilikuwa kimeshampofusha macho, tangu mwaka 2015, naye akisema Mirna akiandika, mtoto mapajani, na alikuwa akimwomba asome tena na tena hata nukta.

Mwezi Novemba 2018 mjomba Tannus alikuja, akasema, "Wadad, ungefuma masweta kama wanawake wenzio, unanivua nguo mbele ya mji!" marehemu akamjibu, "Kaka yangu, mtu wa kitabuni ni muuza vitambaa, anachechemea, na jina lake si lako, sasa wewe umejitambuaje?" wote tuliokuwa chumbani tukatazama sakafu ili tusicheke.

Mjomba alimfuata Mirna jikoni, akamwambia, "Mwanangu, wewe umeishia shule ya msingi, hakuna atakayekulaumu ukiruka kurasa chache, mwenyewe haoni, nani atajua?" Mirna hakuthubutu kumjibu mtu mzima, alimmiminia kahawa tu, na jibu lake ndilo hili analolisoma.

Figo zilichoka mwezi Januari, akalazwa, na Jumamosi tarehe 9 Februari 2019, saa nne asubuhi, akafariki dunia akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja, baada ya kusomewa kitabu kizima.

Jana mjomba alirudia ombi lake mbele ya jeneza, kwa ajili ya heshima ya ukoo, na familia inamjibu kwa adabu zote kwamba kitabu kitapelekwa kwa mchapaji Jumatatu tarehe 18 Februari, na anayetaka kisisomwe atafute kwanza namna ya kuwasahaulisha wanawake wa Zahle.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, hasa aliyemruhusu Mirna kuingia wodini na daftari, majirani waliopika na kupokea wageni, wenzake wa kiwandani waliotoka Beirut, na mjomba Tannus pia, aliyekuja ingawa alijua kitakachosomwa.

Lala salama, mama, upumzike bila wasiwasi, sura ya kumi na moja ina kurasa kumi na tisa, Mirna amezihesabu, na zote kumi na tisa zimo.