Suluhu Iliyomtia Aibu Mzee Kaeni

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka seremala, fundi wa viti, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Kaeni. Ametutoka juma lililopita, akiwa na miaka sabini na mmoja.

Jina hilo lilitoka mdomoni mwake mwenyewe. Watu wakifika karakanani wameshikana mashati, yeye alizima msumeno na kusema, "Kaeni kwanza." Basi wanakaa, kwenye viti ambavyo havijapigwa hata msasa. Wakiondoka wamepatana, na vumbi la mbao limewajaa makalioni.

Alikuwa na masikio, mzee huyu. Hakumkatiza mtu. Na siri haikumtoka. Mkewe anasema, "Ugomvi uliosuluhishwa nyumbani kwangu, mimi nilikuja kuusikia sokoni. Mume wangu hakuninong'oneza kitu."

Lakini alikuwa na udhaifu mmoja, na mwenyewe alitaka usemwe. Alipenda mno kuona watu wakipeana mikono.

Miaka kumi na miwili iliyopita, walimjia mshonaji nguo na mumewe. Mume alikuwa msemaji hasa, ulimi laini. Mke akasema, "Mzee, nina jambo siwezi kulisema mbele yake."

"Hapa hatufichani, mwanangu. Sema tu."

Mke akanyamaza. Mzee Kaeni akadhani amekubali. Akawapeanisha mikono, akamwambia mke arudi nyumbani. Akarudi.

Siku ya tisa, mshonaji alikuwa hospitalini, mkono umevunjwa. Mkono wa kulia, wa kushikia mkasi.

Mzee akaenda wodini, akasimama kando ya kitanda, kofia mkononi. Mshonaji akamtazama. "Nilikwambia nina jambo. Wewe ukataka tupatane palepale."

Mzee alitamani ardhi ipasuke immeze. Hakujitetea. Akavuta stuli. "Nieleze sasa, mwanangu, kama bado unataka."

Alieleza mpaka wageni wakatolewa wodini. Kesho yake mzee akarudi, akaelezwa yaliyobaki. Mshonaji aliporuhusiwa kutoka, wakaenda pamoja polisi. Mzee akaandikisha maelezo, bila kuficha kwamba yeye ndiye aliyemrudisha.

Bintiye, ambaye ni mwalimu, anakumbuka: "Baba alifunga karakana miezi miwili. Alikuwa hatuangalii usoni. Nikamwambia, 'Baba, aliyepiga si wewe.' Akanijibu, 'Najua. Mimi ndiye niliyemkabidhi.'"

Alipofungua tena, alimsikiliza kila mtu peke yake kwanza. Penye kipigo hakupatanisha kabisa. Aliyepigwa, mzee alimsindikiza polisi. Na kila kikao alikianza kwa kukiri kosa lake, bila kumtaja mshonaji. Miaka kumi na miwili, wasikilizaji, na hakuruka hata kikao kimoja.

Mshonaji alikuja mazikoni. Nilimuuliza kama alimsamehe.

"Sijui," alisema. "Hakuwahi kuniomba. Aliniambia akiniomba, atakuwa ananiharakisha tena."

Kwa mama mjane, kwa mwalimu, na kwa wote waliowahi kukalia viti vile, poleni sana. Nasi tunaopenda kusuluhisha, majumbani na makazini, tujiulize leo hii: ni nani tuliyemnyamazisha, kisha tukatangaza kwamba amekubali?