Mama Birika, Aliyebaki Majini

Baba yetu mzazi, mashangazi, wajomba, majirani, na ninyi wateja mliozoea kumkuta mama yetu nyuma ya moshi wa jiko: tunawasomea maisha yake. Baba ameyasikia kabla yenu, na ni yeye aliyesema yasomwe yote bila kurukwa.

Mama alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa tatu kati ya watano. Baba yake alikuwa mpasua mawe. Mama yake alifariki mapema, akalelewa na mama mdogo, ambaye kazi yake ilikuwa kuosha vyombo vya hoteli pale kwenye miamba ya baharini, chini ya genge, ule ukingo mrefu wa pwani. Wimbi likibeba sufuria, mama mdogo hakuinuka. Alimwambia tu, "Kailete, kabla haijapata wenyewe wengine." Basi mama alijifunza kuogelea hivyo, kwa kufukuza sufuria za watu. Hakuna aliyemfundisha na hakuna aliyempigia makofi.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1966 akaishia la sita. Mara nyingi alifika shuleni nywele zikiwa mbichi na mikono ina chumvi. Mwalimu alipomwuliza kwa nini anacheza baharini badala ya kuwahi namba ya mahudhurio, alijibu, "Sikucheza, mwalimu. Nilitumwa sufuria." Mama mdogo alipougua miguu, mama aliacha shule akashika kazi yake. Hakuwahi kulalamika kuhusu hilo, ila sisi watoto alituamsha mapema sana siku za mitihani.

Mwaka 1975 alipata nafasi yake mwenyewe chini ya miti ya mivinje, pale njia ya gengeni inapoteremkia mchangani. Alianza na jiko moja na birika la bati, na jina likamganda. Alichoma samaki wa siku hiyo hiyo kwa chumvi na ndimu, akachemsha viazi na chai ya tangawizi. Waogeleaji walimjia wakitetemeka meno. Wachezaji wa mpira wa mchangani walimjia wakigombana. Walikuwepo pia wazee walioambiwa na daktari watembee ufukweni kila asubuhi, nao walitembea hadi kwa mama, wakakaa. Mteja akilalamika samaki amechelewa, alimwambia, "Mwanangu, huyu asubuhi alikuwa na safari zake. Mwache aive kwa nafasi." Kisha akampa na kichwa cha samaki cha nyongeza.

Jirani yake wa kazi alikuwa kijana aliyekodisha mipira ya matairi kwa wanaotaka kuelea. Alisimama majini mpaka kiunoni, akiwafundisha watoto kurusha miguu, na watu wakamwita Pezi. Huyo ndiye baba yetu.

Hapa ndipo baba alipotuambia tusipunguze neno. Jumapili ya tarehe 19 Agosti 1979, mtoto wa fundi cherehani, wa miaka mitano, alisukumwa na maji akiwa juu ya mpira hadi nje ya miamba, akateleza. Baba aliingia mpaka maji yakamfika kifuani, akasimama. Baba hakujua kuogelea. Hajui hadi leo. Watu wengi walikuwa upande wa juu wakitazama mechi ya mchangani. Mama alitupa koleo, akapita miambani, akajitosa na gauni lake. Alimpata mtoto, akamleta mpaka pale baba aliposimama. Lakini mwamba ulikuwa umelichana gauni lile kutoka begani hadi kiunoni. Akampa baba mtoto, akamwambia, "Mpeleke. Mimi niletee shuka." Kisha akachutama, kikabaki kichwa tu juu ya maji.

Baba alitoka majini amebeba mtoto anayekohoa, na watu waliokuja mbio waliona hicho walichokiona. Walimbeba mabegani. Wakamtia soda mkononi. Mama akabaki kule akingoja shuka, midomo ikamgeuka rangi, na chai yake mwenyewe iko pale juu inachemka.

Baba alipomfikishia shuka alimwambia, "Wanasema ni mimi."

Mama akajibu, "Waache kwanza. Ukiwaambia ni mimi, wataanza kuuliza nilikuwa nimevaa nini."

Baba anasema mama alisema "kwanza". Yeye ndiye aliyeifanya "kwanza" hiyo iwe moja kwa moja.

Walifunga ndoa tarehe 12 Januari 1980, wakajaliwa watoto watatu. Kibanda kikajengwa, ubao ukaandikwa "Kwa Pezi", na wageni walioteremka kutoka gengeni waliagiza samaki pamoja na hadithi ile. Baba aliwasimulia. Mama aligeuza samaki. Aliyemwomba baba waogelee pamoja hadi kwenye miamba aliambiwa Pezi ana matatizo ya sikio. Kila mwaka fundi cherehani alimletea baba shati jipya la shukrani, na kila mwaka mama alilipokea, akalifua, akalipiga pasi.

Nyumbani, baba akijisifu au akikataa kupanda juu ya bati kuziba panapovuja, mama alisema, "Haya, nenda kaogelee basi." Pale pale baba alichukua ngazi. Sisi tulicheka mpaka tukakua na mzaha huo, na sasa wajukuu wanauchekea. Hatukujua tunacheka nini. Tunaona haya kuwaambia hivyo mbele ya jeneza lake.

Mwaka 2021 mama alianza kuishiwa pumzi. Madaktari walisema ni moshi wa miaka mingi, na moyo nao umechoka. Aliendelea kwenda kibandani, anakaa kwenye kiti na kuwaelekeza wengine kwa kijiti. Mwezi wa tano mwaka huu wa 2024 alilazwa. Usiku mmoja baba alimwuliza kitandani, "Mke wangu, niwaambie watu?" Mama akasema, "Leo ndiyo umekumbuka? Ngoja nipate pumzi, nicheke kwanza." Alifariki asubuhi iliyofuata, Jumatatu tarehe 3 Juni. Alikuwa na umri wa miaka sitini na sita.

Tulipokaa kuandika wasifu huu, kaka mkubwa alisema, "Haya ni ya ndani. Tutamvua baba nguo mbele za watu." Baba alikuwa amekaa mlangoni, tukadhani hasikii. Akasema, "Nguo yenyewe si yangu. Ni ya mama yenu, nimeivaa miaka yote hiyo. Andikeni."

Kisha akaondoka kwa miguu hadi kwa fundi cherehani, ambaye sasa ni bibi mwenye miwani mbili, moja ya kutazamia uzi na moja ya kutazamia watu. Alikwenda peke yake. Alimwambia yote akiwa amesimama, kwa sababu alikataa kiti. Bibi hakumkaripia. Alivuta daftari lake la vipimo, akauliza, "Alikuwa anavaa saizi gani?"

Baba hakuijua. Alirudi nyumbani kutuuliza, akalia, akisema hata hilo pia hakulijua.

Gauni alilovaa mama leo limeshonwa na bibi huyo. Ni la bluu, mabega yameshonwa mara mbili.

Mama Birika ameacha mume, ambaye ameomba asiitwe Pezi tena. Ameacha watoto watatu, wakwe wawili na wajukuu saba, mdogo wao akiwa bado ananyonya. Ameacha dada mmoja, kibanda chenye ubao uliofutwa, na birika. Ameacha pia fundi friji mmoja aliyekaa hapo mstari wa pili karibu na mama yake, ambaye siku ile alikuwa na miaka mitano, na yuko hai kwa sababu ya marehemu huyu na si mwingine.

Mama, toka majini sasa, shuka imefika. Pumzika kwa amani.