Sahani ya Sulle

LUDOVIKA: Haloo? Shamba la ngano hapo? Namtaka Gidamis, dereva wa kombaini.

GIDAMIS: Ndiye mimi. Nani wewe?

LUDOVIKA: Ludovika, nesi wa utafiti. Shikamoo, mzee.

GIDAMIS: Marahaba. Kama ni damu tena, imekwisha. Mmeninyonya kuliko kupe.

LUDOVIKA: Sitaki damu, nataka ukweli. Wewe ulipangiwa mlo mmoja, jioni. Mwenzako Sulle, milo mitatu. Chakula kilekile, kiasi kilekile—

GIDAMIS: Najua. Mwezi mzima tumbo linanguruma.

LUDOVIKA: Basi mbona amino asidi zenu zinafanana? Zile za protini, kwenye damu. Saa nne asubuhi zako zilitakiwa ziwe chini, za Sulle zipande. Zimepanda zote.

GIDAMIS: Labda tumezoeana.

LUDOVIKA: Mzee, daktari ameandika kwamba kugawa milo hakubadilishi kitu. Ripoti inaondoka saa nane, na ina sahihi yangu kwamba niliwaona mkila kila siku.

GIDAMIS: (mkwaruzo) Laini mbaya hii—

LUDOVIKA: Laini nzuri. Ulikula?

GIDAMIS: Sasa Sulle analetewa maharage na yai, mimi nimkodolee macho kama mbwa? Akala nusu, nikala nusu. Jioni sahani yangu, hivyohivyo. Mtu hali peke yake mwenzake akiwa hapo.

LUDOVIKA: Na wale wengine nane?

GIDAMIS: Wawili wawili.

LUDOVIKA: Jamani. Si mngeniambia.

GIDAMIS: Tukuambie wapi? Asubuhi ulikuwa unakoroma ghalani, juu ya magunia.

LUDOVIKA: Mlijua?

GIDAMIS: Shamba zima. Una mtoto mchanga, usingizi utaupata wapi? Tungesema, ungefukuzwa. Tukanyamaza.

LUDOVIKA: Naogopa, mzee. Nikisema, narudishwa kwetu Nambis. Nisiposema, wagonjwa watapangiwa chakula kwa ripoti ya uongo.

GIDAMIS: Wagonjwa kweli?

LUDOVIKA: Kweli.

GIDAMIS: Eh. Basi sema. Sema sisi ndio wezi wa yai.

LUDOVIKA: Na mimi nililala. Naifuta sahihi yangu sasa hivi.

GIDAMIS: Tutaanza upya?

LUDOVIKA: Daktari akikubali. Kila mtu chumba chake, mlango umefungwa.

GIDAMIS: Hicho ni kifungo, nesi, si chakula.

LUDOVIKA: (mlio) Opereta anakata, na daktari huyu anaingia—

GIDAMIS: Sikiliza. Akikufukuza, pita huku na mtoto. Sahani ipo, tutagawa—

(laini imekatika)