Mzee Miiba na Mgunga wa Sisimizi

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na minne kazini, Mzee Miiba anastaafu na kukabidhi funguo za banda la vioo la bustani yetu ya mimea.

Alianza kama mbeba ndoo. Baadaye akawa mlezi wa mimea inayoishi kwa kusaidiana na wadudu, na kipenzi chake kilikuwa mgunga aliouotesha mwenyewe kwa mbegu. Miiba yake huvimba chini kama vitunguu, nao sisimizi wamepanga humo bila kodi: mti huwapa utomvu mtamu, wao humng'ata yeyote anayekuja kuula. Mzee aliwaita walinzi wasioomba likizo. Kabla ya kugusa tawi alipiga hodi, na aliyecheka aliruhusiwa kujaribu bila hodi. Nyumbani, mama watoto alipiga marufuku mashati yake kuingia ndani kabla ya kukung'utwa.

Miaka miwili iliyopita, siku moja kabla ya ukaguzi, mwenzake mmoja aliyekuwa mgeni kazini aliwaona sisimizi akadhani ni uchafu. Akapuliza dawa. Wakafa wote, mbawakawa wakatoboa shina, na mgunga ukaanza kukauka tawi baada ya tawi. Mzee alileta sisimizi wengine kwenye kopo, mara tatu. Hawakukaa.

Uongozi ulipouliza, Mzee alisema kosa ni lake kwa kuwa hakuweka kibao cha tahadhari. Akapewa barua ya onyo, ya kwanza tangu aajiriwe. Mwaka huu aliomba aongezewe miezi kumi na miwili aoteshe mgunga mwingine. Kwa sababu ya barua hiyo, amekataliwa.

Mwenzake huyo ni mimi, mtunza stoo. Nilikuwa bado kwenye miezi ya majaribio, na mke wangu alikuwa amejifungua juzi tu. Mzee aliniambia nifunge mdomo nikalee mtoto. Nikaufunga. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wangu ameshaota meno, na anauma kweli.

Asante, Mzee wetu, kwa kazi yako na kwa kunisitiri. Sote tunakuombea afya njema na mapumziko ya raha pamoja na familia.

Na kwa wakubwa wanaosoma jarida hili: ile barua si yake. Itoeni leo kwenye faili lake, muiweke kwenye langu.