Mzee Kiberiti na Moto wa Mwamapalala

Tarehe 30 Juni 2025 Mzee Zengo anastaafu, baada ya miaka thelathini na nne ya kuzima moto na kuuandika kwenye daftari la ofisi yetu ya misitu hapa Bariadi. Nimepewa mimi kazi ya kumwandikia. Aliyenichagua hakujua anamchagua nani.

Kurasa zake za mwaka 1991 zimejaa moto mdogo mdogo wa Juni. Wazee walichoma vipande vya pori nyasi zikiwa bado na ubichi, kuzunguka ngitili, yale malisho yanayofungwa kusubiri kiangazi, ili moto mkubwa ukija ukose cha kula. Ulikuwa mwingi, lakini haukufika mbali. Baadaye sheria ikabana, watu wakaogopa kuchoma, nyasi zikarundikana. Sasa Septemba unakuja moto mmoja tu, unakomba kila kitu.

Mzee Zengo hakuacha ya wazee. Kiberiti hakikukosa mfukoni mwake, tukamwita Mzee Kiberiti. Alikuwa anacheka: "Ninyi kiberiti mnakijulia sigara tu!"

Mimi sikucheka. Moshi ukionekana, yeye ameshafika. Anajuaje? Nikaanza kunusa koti lake, nikawa namfuata kwa pikipiki. Juni 2016 nikamkuta Mwamapalala ameinama kando ya ngitili, ukanda wa nyasi unawaka. Sikumuuliza. Nikaandika barua bila jina: mchoma pori ni huyu. Akapelekwa stoo, asikanyage porini.

Juni iliyofuata ule ukanda haukuchomwa. Septemba ngitili yote ikateketea, pamoja na ng'ombe kumi na saba wa Mama Generoza, mjane. Kwenye daftari, sehemu ya chanzo, nikaandika "wafugaji". Ndivyo tulivyoandika siku zote tusipojua. Safari hii nilijua.

Ndipo mwenyekiti wa kijiji akaleta nakala ya kibali cha kuchoma, kimegongwa muhuri. Siku ile nilipomkuta, Mzee alikuwa nacho mfukoni, pamoja na kiberiti chake.

Aliporudi porini alinisalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka", akanipa njiti, akanionyesha pa kuanzia kuwasha na upepo wa kungoja. Hakuuliza barua ni ya nani. Mpaka leo namshuku kwamba alijua.

Ilikuwa yangu, Mzee. Blandina wa masijala ataubandika ukurasa huu kwenye faili lako, juu ya ile barua. Na kwenye daftari nimefuta "wafugaji", nimeandika jina langu. Kwa Mama Generoza nakwenda Jumamosi.

Wabeja sana, asante Mzee. Kapumzike salama na ng'ombe wako wanenepe. Ukanda wa Mwamapalala tumeshauchoma, kwa kibali, na kiberiti kilikuwa changu.

Anatoli, msaidizi wako