Mzee Placidi Anastaafu na Figo Zake

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya kuwalisha wagonjwa wetu, Mzee Placidi Komba, mpishi mkuu wa hospitali, anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu. Sisi wa chumba cha kufulia tunamjua kuliko wote, maana aproni zake tumezisugua sisi, na mafuta yake hayaogopi sabuni.

Mzaliwa huyu wa Mbuji alianza kwa kuchanja kuni, akapanda hadi kuongoza jiko zima. Wodi zote alizilisha, na hakuna aliyelalamika. Wengine walipona haraka ili wakale kwao. Sifa yake kubwa ilikuwa kikaango. Mafuta hakumwaga kamwe: ya Krismasi aliyaongezea ya Pasaka, yakawa meusi kama kahawa, naye akasema ndiyo yamekomaa.

Mwaka jana miguu ikamvimba. Akalaumu viatu. Binti yangu Vitalia, mtaalamu wa lishe hapa hapa (ndiyo, yule niliyemsomesha kwa kahawa, mkasema ataishia kuolewa), akamsukuma akapime. Figo zimeanza kuchoka! Akamweleza kwamba figo huchoma asidi za mafuta kupata nguvu, kama jiko linavyochoma kuni. Asidi hizo zikizidi, hulundikana ndani ya figo na kuziumiza. Aache chumvi na vya kukaanga, ale samaki wa ziwani wa kuchemsha, ambaye mafuta yake ni mapole.

Mzee akacheka: "Mwanangu, figo zangu zimezaliwa Mbuji, hazijui kusoma."

"Baba, kusoma hazijui, lakini kuvimbisha miguu zinajua."

Akaendelea kubisha, miguu ikaendelea kujaa. Ndipo mwanangu, aliyerithi akili zangu, akamkabidhi chungu cha wagonjwa wa figo. Placidi ana sheria moja: chakula ambacho mpishi mwenyewe hajala sahani nzima hakitoki jikoni. Basi akachemsha mbasa, samaki wa ziwani, kwa nyanya, bila chumvi, akala huku amenuna, kila siku. Kufika Mei viatu vikamwingia. Figo hazijapona, ila zimetulia, naye anatangaza kwamba dawa hiyo aliigundua mwenyewe. Haya, tumemwachia.

Sasa anahamia Kihagara, nyumbani kwa mkewe Bonifasia. Baba, asante kwa kutushibisha. Kliniki usikose, Vitalia anakusubiri. Tunakutakia uzee mrefu, na siku ukituita Kihagara, iwe kula mbasa, isiwe matanga.

Mama Vitalia, chumba cha kufulia