Ruthu Ndahani na Kadi Tisini na Sita za Pijo

Wapendwa mliokusanyika hapa Chamwino kumsindikiza dada yetu, familia imenituma mimi, Joel, mdogo wake, niwasomee maisha yake, naye aliniachia sharti moja, kwamba nisome kwa mpangilio na nisiruke kitu.

Marehemu Ruthu Yona Ndahani alizaliwa tarehe 11 Mei 1957 katika kijiji cha Mlali, Kongwa, akiwa mtoto wa nne kati ya saba wa Mzee Yona na Mama Miriam, akasoma Shule ya Msingi Mlali kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, kisha akachaguliwa kuendelea na sekondari Msalato, alikomaliza kidato cha nne mwaka 1975.

Mwezi Machi 1977 aliajiriwa kuwa karani wa stoo ya vipuri katika karakana ya serikali mjini Dodoma, akaitumikia stoo hiyo kwa miaka arobaini, na mafundi waliofanya naye kazi wanasimulia kwamba ungeweza kumwamsha usingizini ukamuuliza beringi fulani iko rafu gani, akakujibu na kuendelea kulala.

Tarehe 22 Desemba 1979 alifunga ndoa kanisani Mlali na Anthony Masima, dereva wa karakana hiyohiyo, wakajaliwa watoto watatu, Denis, Restuta na Angelina, na wajukuu tisa, na mwaka 1986 wakanunua mnadani gari aina ya Pijo 404 lililotengenezwa mwaka 1968, ambalo lilibeba magunia ya uwele, maharusi, wagonjwa wa mtaa mzima, na Angelina alipokaribia kuzaliwa lilimwahisha mama yake hospitali, hadi lilipozimika mwaka 1999 na kubaki uani.

Mwaka 2016 shemeji yetu Anthony, akiwa amekwisha kustaafu, aliamua kulifufua, akalifungua lote hadi likabaki bodi tupu, likanyooshwa na kupakwa rangi yake ya maziwa, na kwa kuwa alikuwa ameandika kila alichofungua, aliona kulirudisha ni kusoma orodha ile kuanzia chini kwenda juu. Sasa, kitambaa cha dari kilikuwa kimeoza, wakati wa kubomoa kilichanwa kabla kioo cha mbele hakijatoka, kwa hiyo orodha ikamwambia aanze na kioo ndipo aweke dari, akafanya hivyo, akagundua kwamba kingo za kitambaa kipya lazima zikunjwe chini ya mpira wa kioo, na alipojaribu kukitoa kioo Aprili 2017, kikapasuka mikononi mwake. Kioo kile, cha kuchukua nafasi ya cha zamani kilichokuwa na ufa, alikuwa amekitafuta kwa mwaka mzima. Alifunika gari kwa turubai, akaingia ndani, na wiki nzima hakutaka mtu alitaje.

Ruthu alistaafu mwezi uliofuata, na asubuhi ya kwanza ya kustaafu kwake alifunua turubai, akakata kadi kutoka kwenye kalenda za zamani, kila kifaa kadi yake, akaandika juu kinachotakiwa kutangulia na chini kile ambacho kifaa hicho kitaziba kikishaingia, akazibana kwenye kamba ya kuanikia nguo, akawa anazihamisha huku na huku kwa miezi saba, nguo zikianikwa juu ya ua. Kadi zilifika tisini na sita. Bomba za breki zilitangulia injini, kwa sababu injini ikishakaa mkono haupiti, na nyaya zilitangulia dashibodi na dari vilevile. Mwezi Agosti upepo wa kwetu huu ulizipeperusha zote, na mbuzi wa jirani akala mbili, lakini alikuwa amezipa namba, akazihesabu, akasema, "Amekula pampu ya maji na honi," akaziandika upya akicheka.

Shemeji, aliyekuwa amepata kioo kingine, alikuwa na haraka, na kila mara alimwambia, "Mama Denis, tuweke kioo walau watu waone kuwa ni gari," naye akamjibu, "Kioo kinasubiri dari, na dari inasubiri nyaya, wewe subiri na wenzako."

Februari 2023, walipofika kadi ya sitini na moja, Ruthu aliugua moyo, akalazwa wiki tano, na madaktari wakaieleza familia kwamba moyo umechoka sana. Anthony, kwa hofu, alipanga na fundi Hamidu, aliyekuwa akimsaidia, wafunge viti, kioo na magurudumu tu, walivute gari hadi kwenye geti la hospitali, mkewe alione angali hai, akaenda wodini kumweleza, naye akamshika mkono akamwambia, "Baba Denis, usinihurumie kwa kuruka kadi." Shemeji alitoka akilia, akarudi nyumbani, akafunga namba sitini na mbili.

Mungu alimjalia nafuu, na Jumamosi tarehe 14 Septemba 2024, baada ya kadi ya mwisho, betri, Pijo liliwaka lilipojaribiwa mara ya pili, vigelegele vikasikika hadi barabarani, wakaenda nalo Hombolo kwenye mavuno ya zabibu, Ruthu akiwa kiti cha mbele. Walipofika alisema kwamba ameagiza vipuri vya magari kwa miaka arobaini wala hajawahi kushika usukani, akaomba zamu, akaliendesha kuzunguka uwanja wa mpira kwa gia ya kwanza, akipiga honi bila sababu, mumewe akikimbia pembeni yake akimwelekeza breki iliko, naye hakutaka breki.

Aliendesha kila Jumamosi kuzunguka uwanja ule, hadi moyo ulipomzidia tena mwezi Mei mwaka huu, na Jumanne tarehe 3 Juni 2025, saa nne asubuhi, akafariki dunia akiwa na miaka sitini na minane, mumewe na wanawe watatu wakiwa kando ya kitanda.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompa miaka miwili tusiyoitarajia, majirani wa Chamwino, akiwemo mwenye mbuzi, fundi Hamidu, na wenzake marehemu wa karakana waliofika leo na ovaroli zao.

Dada Ruthu, umemaliza kazi yako, pumzika sasa katika amani ya Bwana.